Kubadilisha uso wa geji za gari: kazi iko kwenye mshale

Anayetaka kubadilisha uso wa geji za dashibodi kwa kawaida huanza na rangi: mweupe, mweusi wenye namba nyekundu, au ule unaowaka buluu usiku. Rangi ingeweza kusubiri. Uso wenyewe ni kipande cha plastiki chenye unene wa karibu nusu milimita, na kukiweka hakumshindi mtu mwenye mikono tulivu. Kazi iko kwenye mshale: kuung'oa bila kuvunja kilicho nyuma yake, kisha kuurudisha palepale ulipokuwa. Ukikosea pembe kwa nyuzi tano tu, gari linaanza kukudanganya mwendo kila siku, hata uso uwe mzuri namna gani.

Maelezo haya yanafaa zaidi kwa Toyota za Japani za miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000, Corolla 110 na wenzake, maana ndizo zilizojaa barabarani kwetu na ndizo ambazo namba za geji zimefifia. Nissan na Mitsubishi za umri huo kanuni ni ileile.

Kabla ya kununua chochote, jua ndani ya kasha la geji kuna mashine ya aina gani. Gari la zamani lina kebo inayotoka giaboksi na kuzungusha sumaku nyuma ya spidomita. Mshale unarudishwa na springi nyembamba kama unywele. Baadaye zikaja geji za umeme zenye koili mbili zilizopishana, zinazovuta sumaku ndogo iliyoshika shafti ya mshale. Hizi utazitambua kwa mshale wa mafuta: kwenye magari mengi, ukizima swichi unabaki ulipokuwa badala ya kushuka. Za karibuni zaidi zina stepa mota, mota ndogo yenye gia za plastiki, na mishale yake hujirudisha sifuri yenyewe umeme unapoingia. Kila aina inataka mshale wake ung'olewe na urudishwe kwa namna yake.

Kuna aina moja ya kuiacha kabisa. Toyota na Lexus nyingi zilikuja na geji za Optitron, zile ambazo uso ni mweusi tii mpaka uwashe swichi, ndipo namba na mishale ving'ae. Kwenye matoleo ya mwanzo, kama ya Lexus LS400, mshale wenyewe ni taa: ndani yake mna mrija mwembamba wa kioo unaolishwa umeme wa volti kubwa. Ukiuvuta umeua taa, na mshale huo huupati dukani. Kama mishale ya gari lako inawaka yenyewe namna hiyo, furahia ilivyo.

Uso unaopatikana ni wa namna tatu. Wa bei nafuu ni wa kubandika juu ya uso wa zamani; umekatwa mwanya kutoka tundu la katikati hadi ukingoni ili upite chini ya mshale bila kuung'oa. Unavutia kwa urahisi wake, lakini mwanya huo huonekana usiku kama ufa wa mwanga, na unene wake unapunguza nafasi chini ya mshale. Wa pili ni ule unaowaka wenyewe, wenye tabaka la fosfori na kiboksi cha kugeuza umeme wa volti 12 kuwa takribani volti 100 za kupishana. Mchana unapendeza, usiku unang'aa sawasawa bila madoa, ila kiboksi hulia mlio mwembamba kama mbu, na mwanga hufifia kadiri saa za matumizi zinavyoongezeka. Adui wake mkubwa ni unyevu. Ukiukata ukingo ili ukae vizuri na usiuzibe, hewa ya Tanga au Mombasa itaingia pembeni na doa jeusi litaanza kutambaa kuelekea katikati. Kwa gari la pwani sishauri aina hii.

Wa tatu ni uso kamili unaochukua nafasi ya ule wa kiwandani, au unaochapishwa upya kwa kunakili wa kwako. Huu ndio unaostahili pesa na muda.

Angalia sana uso unaoagizwa kwa jina la gari tu. Corolla ya 1998 iliyouzwa Marekani si ileile ya Japani. Ya Marekani inasoma maili, na maili moja ni kilomita 1.609. Hata ndani ya Japani kuna kasha lenye geji ya RPM (mizunguko ya enjini kwa dakika) na lisilo nayo, la otomatiki lenye taa za P, R, N, D na la manyuali lisilo nazo. Linganisha picha ya geji zako na picha ya muuzaji, alama kwa alama: tundu za skrubu, madirisha ya taa za tahadhari, mahali pa odomita. Na spidomita yako ikiishia 180, kama ilivyo kwa magari mengi ya Japani, usinunue uso wa 240 kwa sababu ya fahari. Mashine ya nyuma haijui kuwa umebadilisha namba. Itapeleka mshale kwenye pembe ileile ya zamani, na pembe iliyokuwa 60 sasa itasomeka 80.

Ukiamua kuchapisha mwenyewe, skani uso wa zamani kwa dpi 600 ukiwa umelala bapa, uchore upya kwenye programu ya kuchorea kama CorelDRAW au Inkscape, kisha uchape kwanza kwenye karatasi ya kawaida na uilaze juu ya ule wa zamani ukielekeza kwenye dirisha lenye jua. Tundu na mistari vikipishana hata nusu milimita, printa imekuza au imepunguza; rekebisha kabla ya kugusa malighafi halisi. Nafasi kati ya namba na namba usizigawe kwa kukisia. Geji nyingi haziendi kwa hatua sawa, hasa ya mafuta na ya temprecha, kwa hiyo nakili pembe zilivyo.

Malighafi ni polikaboneti ya milimita 0.25 hadi 0.5. Stika ya vinili inayotumika kwenye mabango haifai: dashibodi ya gari lililoachwa juani hupata joto la nyuzi 70 na zaidi, vinili inasinyaa, kona zinanyanyuka, na kona iliyonyanyuka inaukamata mshale. Karatasi hufyonza unyevu na kujikunja. Polikaboneti hailainiki mpaka karibu nyuzi 147, joto ambalo hata jua la Dodoma haliwezi kulifikisha ndani ya gari. Mwombe mchapaji wino wa UV au wa solventi. Wino wa printa ya ofisini utapauka juani.

Tatizo litakalokukuta kwenye uchapaji ni weusi usio mweusi. Mchana unaonekana vizuri, usiku taa ikiwaka nyuma unakuta vitobo vya mwanga kama nyota. Tabaka moja la wino halizuii mwanga. Mwambie mchapaji apige nyeusi mara mbili au tatu kwa nyuma ya plastiki, au weka chini yake vinili nyeusi iliyokatwa kwa mashine kwa umbo la namba. Hapo vinili inaruhusiwa kwa sababu imebanwa katikati. Umalizio uwe wa kufifia, usiong'aa, la sivyo saa sita mchana utaona sura yako badala ya namba.

Na taa za tahadhari: rangi nyekundu ya oili, ya breki na ya chaji mara nyingi imechapwa kwenye uso wenyewe. Ukiutoa, rangi imetoka nao. Kila dirisha la taa kwenye uso mpya lazima liwe na rangi yake, na alama isomeke. Taa ya oili isiyoonekana mchana inaweza kukugharimu enjini nzima.

Vipimo vya kuchukua kabla ya bisibisi

Hapa wengi wanaruka, halafu hawana pa kurudi. Tafuta barabara tulivu, mwenzako ashike simu yenye programu ya mwendo wa GPS, wewe shikilia mwendo bila kupanda wala kushuka: mshale ukiwa 40, 60, 80 na 100, aandike GPS inasema ngapi. Usishangae mshale ukiwa 60 na GPS ikasoma 56. Geji za kiwandani hutengenezwa zizidishe kidogo. Kanuni namba 39 ya UNECE (Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi ya Ulaya), inayofuatwa na nchi nyingi, inakataza geji kusoma chini ya mwendo halisi, na inairuhusu kuzidi kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Ukiwa halisi kwenye 50, mshale unaruhusiwa kufika hadi 59. Lengo lako ni kurudisha tofauti ileile uliyoikuta; ukiipunguza ili geji ikubaliane na GPS, umeondoa kinga yako mbele ya trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo.

Kisha gari likiwa limesimama na enjini baridi, washa swichi bila kupiga stata. Piga picha ya geji ukiwa umenyooka mbele yake kabisa, si kwa upande, maana upande unapotosha. Picha hiyo inakupa mahali pa mshale wa mafuta, mahali pa mshale wa temprecha, na idadi ya taa za tahadhari zinazowaka. Washa enjini, ipashe moto, upige nyingine ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) ili kujua RPM. Baada ya hapo usiongeze wala kupunguza mafuta mpaka kazi iishe.

Kulitoa kasha

Toa tamino hasi ya betri kwa spana namba 10. Shusha usukani hadi mwisho. Fremu ya plastiki inayozunguka geji hushikwa na skrubu mbili hivi kwa juu na klipu kwa chini; vuta kwa vidole, sehemu mbalimbali kidogo kidogo, si kwa bisibisi inayoacha makovu. Kasha lenyewe lina skrubu tatu au nne. Livute kiasi cha mkono kupita, bonyeza ulimi wa kila soketi na uichomoe kwa kushika plastiki, si waya. Kwenye gari la kebo, minya klipu ya kebo kwanza. Usiwashe swichi kasha likiwa nje: kwenye magari yenye eabegi hitilafu huingia kwenye kumbukumbu na taa yake ya tahadhari (SRS) haitazimika tena mpaka ifutwe kwa mashine.

Weka kasha juu ya taulo safi, na usiliache limelala kifudifudi. Geji za koili, hasa za mafuta na temprecha, zina mafuta mazito ya silikoni kwenye shafti ili mshale usitetemeke gari likitikisika. Ukiligeuza kwa muda mrefu, au ukivuta shafti kwa nguvu, mafuta hayo hutambaa hadi kwenye uso, na tangu siku hiyo mshale wa mafuta unacheza kila kona. Kioo cha mbele kinashikwa na vikucha vya plastiki. Vifungue kuanzia upande mmoja. Vaa glavu za pamba. Alama ya kidole ndani ya kioo haionekani gereji, inaonekana usiku wa kwanza.

Sasa mshale. Kwenye spidomita ya kebo, na geji yoyote ambayo mshale umeegemea kipini kidogo pale sifuri, mshale haukupumzika pale; springi inausukuma dhidi ya kipini. Uinue kwa ncha ya kidole uruke kipini, uuache ushuke wenyewe mpaka usimame. Hapo ndipo sifuri yake ya kweli. Bandika kipande cha tepu ya karatasi ukingoni mwa kasha, mahali ambapo hapatatoka na uso, uweke alama kwa kalamu ya risasi yenye ncha kali. Rudia mara tatu. Mshale ukisimama mahali tofauti kila mara, shafti ina uchafu au springi imechoka, na uso mpya hautaiponya.

Kwa kuung'oa, kata kadi ngumu ya plastiki iwe na mwanya wa umbo la V, iingize chini ya kitovu cha mshale ikilinda uso, kisha juu ya kadi weka vijiko viwili vya chai, kimoja kila upande, na uviinamishe pamoja. Mshale utoke kwa kunyooka juu. Ukivuta upande mmoja unapinda shafti, ambayo ni nyembamba kama waya, na mshale utakaa ukipepesuka juu na chini kila unapozunguka. Mafundi wengine huuzungusha mshale huku wakivuta. Kwa stepa mota usifanye hivyo, gia zake ni za plastiki na jino moja likivunjika geji itakuwa inaruka. Usishike mshale kwa ncha. Unakatika kwenye shingo.

Skrubu za uso mara nyingi ni fupi na za nyuma ni ndefu kidogo. Zipange kwenye kadibodi kwa mpangilio uliozitoa. Ndefu ikiingia mahali pa fupi itatoboa usichokiona.

Uso mpya

Ukiwa unabandika juu ya uso wa zamani, tumia vipande vidogo vya tepu nyembamba ya pande mbili, kwenye kona na pembeni mwa tundu. Supagundi isikaribie kasha hili. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki ya kioo, na ukungu huo hautoki kwa kufuta. Kadhalika tina na petroli: polikaboneti hupasuka nyufa ndogo ndogo. Kitambaa laini kilicholowana maji na sabuni kidogo kinatosha. Vumbi lipulize kwa pampu ya mkono. Kompresa ya gereji hutema maji na oili.

Kasha likiwa wazi, angalia balbu. Za kumulika ni za saizi ya T10 mara nyingi, za tahadhari ni ndogo zaidi, na hushikwa na kishikio kinachotoka kwa kukizungusha robo mzunguko kushoto. Toyota nyingi zina kofia ya mpira ya kijani juu ya balbu. Ukiziacha, uso wako mweupe utawaka kijani. Ukitaka LED, chagua zinazotawanya mwanga pande zote, kwa sababu kasha liliundwa kwa balbu inayomulika kila upande. LED inayomulika mbele tu huacha doa kali katikati na giza pembeni. LED nyeupe ya baridi pia ina upungufu wa wekundu kwenye mwanga wake, hivyo mshale mwekundu au wa machungwa unafifia, na chini ya buluu unaonekana wa waridi. LED isipowaka, igeuze. Ina chanya na hasi. Taa ya chaji iache na balbu yake ya asili, kwa sababu kwenye magari kadhaa umeme unaopita ndani ya balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta.

Rudisha mshale ukiwa umelegea kwanza. Kwa geji yenye springi na kipini, uelekeze kwenye alama ya kalamu uliyoweka, ubonyeze, kisha uinue juu ya kipini mpaka upande wa sifuri. Kwa mafuta na temprecha, unganisha kasha na soketi zake zote, rudisha betri, washa swichi enjini ikiwa baridi, na uweke kila mshale palepale picha inapoonyesha. Kwa stepa mota, washa swichi ili mota ijirudishe mwanzo, zima, kisha bonyeza mshale kwenye sifuri. Wa temprecha ufanye kwa uangalifu kuliko yote: ukikaa chini kuliko kawaida, enjini itachemka wakati wewe unaona iko sawa, na gasketi ya silinda hedi itakuwa imeungua kabla hujajua.

Usiubonyeze mshale hadi mwisho. Kati yake na uso ibaki milimita moja na nusu hivi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi mbili za zamani zilizokatwa mwanya ni kipimo kizuri: ziweke chini ya kitovu, bonyeza mshale hadi uziguse, zitoe. Kisha sukuma mshale wa spidomita taratibu hadi juu ya namba na uuache urudi. Kama ni stepa mota, usiuguse. Ukikwama mahali popote, uso umevimba hapo au tundu la katikati limebana shafti.

Mwenye jenereta ya mawimbi, kifaa kinachotoa mapigo ya umeme ya kuigiza sensa, anaweza kupima mezani. Kwa kiwango cha Japani shafti ya spidomita huzunguka mara 637 kwa dakika kwenye km 60 kwa saa, hivyo sensa ya mapigo manne kwa mzunguko hutoa mapigo 42.5 hivi kwa sekunde. Kwa RPM ya enjini ya silinda nne inayosomwa kwenye koili ya plagi, mapigo 100 kwa sekunde ni 3,000. Ila ujue kwanza waya wa sensa unabeba volti ngapi.

Kabla ya kufunga kioo, washa swichi na uhesabu taa za tahadhari dhidi ya picha. Ikikosekana hata moja, kishikio cha balbu hakijagusa shaba vizuri au umegeuza LED.

Barabarani, rudia vipimo vya 40, 60, 80 na 100 na mwenzako yuleyule. Tofauti iliyozidi au kupungua kuliko ile ya mwanzo ikiwa sawa kote, tuseme 4 kwenye 40 na 4 kwenye 100, mshale umekaa pembeni: kwa uso unaotumia nyuzi 240 kwa km 180, nyuzi moja ni km 0.75, kwa hiyo uhamishe nyuzi tano hivi. Tofauti ikiongezeka kadiri mwendo unavyopanda, mshale hauna kosa. Aidha uchapaji umetanua namba, au matairi yamebadilishwa kati ya vipimo. Kutoka 175/65R14 kwenda 185/70R14 kipenyo huongezeka kwa asilimia 5.4, na kwa kiasi hicho geji itasoma chini ya mwendo halisi. Kulihamisha kosa la tairi kwenye mshale kutakupa usahihi kwenye mwendo mmoja tu.

Acha gari juani wiki moja, kisha chungulia kingo za uso kwa tochi kutoka pembeni. Kona iliyonyanyuka sasa bado haijafika kwenye mshale, na dawa yake ni kufungua kioo tu na kuongeza kipande cha tepu.